Augustus au Justinian: uanze na Roma ipi?

Historia ya Roma ni ndefu mno kuivamia popote. Tangu mji wenyewe ulipoanza hadi Constantinople ilipotekwa na Waturuki mwaka 1453 ni zaidi ya miaka 2,000, na mtu mwenye kazi na familia hawezi kuimeza yote. Inabidi uchague pa kuingilia. Milango mizuri iko miwili. Wa kwanza ni Augustus, kaisari wa kwanza, aliyebaki bila mpinzani baada ya vita vya Actium mwaka 31 KK na kutawala hadi alipofariki mwaka 14 BK. Wa pili ni Justinian, aliyetawala kutoka Constantinople kuanzia mwaka 527 hadi 565. Ukiuliza, wengi watakuambia uanze na Augustus kwa sababu yeye ndiye mwanzo. Mimi huwashauri watu waanze na Justinian, isipokuwa kama wanachokitafuta hasa ni siasa.

Wote wawili si wageni kabisa kwetu. Aliyesoma Injili ya Luka, sura ya pili, amekutana na Kaisari Augusto na amri yake ya kuandikisha watu. Aliyesoma Surat ar-Rum amekutana na Warumi walioshindwa vitani kisha wakaahidiwa ushindi ndani ya miaka michache. Hao ni Warumi wa Constantinople, waliokuwa wakipigana na Waajemi kiasi cha miaka 50 baada ya kifo cha Justinian, wakiishi chini ya sheria alizozikusanya na kusali katika kanisa alilolijenga. Kwa hiyo swali la uanze na nani linategemea pia unatokea wapi.

Siasa: hapa Augustus hana mpinzani

Julius Caesar alipouawa mwaka 44 KK, Augustus alikuwa kijana wa miaka 18 mwenye afya dhaifu. Alichorithi ni jina na pesa. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wawili, Antony na Lepidus, walibandika hadharani orodha ya watu wa kuuawa na kunyang'anywa mali. Cicero, msemaji mkubwa kuliko wote wa zama zile, alikuwemo. Kichwa chake kilitundikwa kwenye jukwaa lilelile alilozoea kuhutubia.

Sasa ruka hadi Januari mwaka 27 KK. Mtu huyohuyo anasimama mbele ya Seneti, baraza la wazee wa Roma, na kutangaza kwamba anairudisha dola mikononi mwao. Wazee wanamsihi asiwaache. Naye, kwa shingo upande, anakubali kubeba mzigo wa mikoa michache yenye matatizo: Hispania, Gaul, Syria. Ukitazama ramani unaona ni mikoa gani hiyo. Ni ile yenye majeshi. Misri alikuwa ameshaiweka kando kama mali yake, na seneta hakuruhusiwa hata kukanyaga huko bila idhini yake, maana ngano iliyolisha mji wa Roma ilitoka huko. Funika kombe mwanaharamu apite.

Akaendelea hivyo kwa miaka 40. Mwaka 23 KK aliachia cheo cha konsuli, yaani mkuu wa serikali wa mwaka mmoja, akapewa mamlaka ya mtetezi wa umma, yaani tribuni, bila kuwa tribuni: anaweza kuitisha kikao na kuzuia uamuzi wowote. Umati ulipomtaka awe dikteta, Suetonius anasimulia, alipiga goti, akaishusha nguo mabegani na kuwasihi wasimlazimishe. Uchaguzi haukufutwa. Makonsuli wawili waliapishwa kila mwaka kama zamani, na Seneti ikaketi. Huwezi kuonyesha siku moja au sheria moja na kusema hapa ndipo jamhuri ilipokufa. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyeshuhudia katiba ikikatwa kifungu kimoja kimoja hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Kama ni hili unalolitaka, namna mtu mmoja anavyoweza kumeza nchi nzima huku kila taasisi imesimama mahali pake, chukua Augustus leo. Hakuna somo zuri kuliko hilo katika historia yote ya Roma.

Shida inaanza ukiuliza ni nani anayekusimulia. Augustus aliandika mwenyewe maelezo ya kazi zake, kwa nafsi ya kwanza, yakachongwa kwenye mawe. Nakala iliyohifadhika vizuri kuliko zote iko kwenye kuta za hekalu moja mjini Ankara, Uturuki. Humo anahesabu kila kitu: mahekalu 82 aliyoyakarabati mwaka mmoja, pesa alizogawa, michezo aliyoigharimia, mataifa yaliyomletea wajumbe. Antony hatajwi kwa jina. Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar, naye hatajwi. Orodha ya waliouawa haipo. Washairi wakubwa wa zama zake walitunzwa na rafiki yake Maecenas, na Ovid, aliyemuudhi, alifukuzwa mwaka 8 BK hadi Tomis, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, akafia huko. Anayeanza anasoma sauti ya mshindi peke yake, na ni sauti tamu. Wengi humaliza wakiwa wamemkubali kabla hawajajua kilichoachwa nje.

Justinian na mwandishi aliyemgeuka

Kwa Justinian hali ni kinyume kabisa. Yeye alizaliwa katika familia ya wakulima huko Balkani. Mjomba wake, Justin, alikuwa mwanajeshi aliyepanda cheo hadi mwaka 518 akawa kaisari, na mpwa akamrithi. Mke wake, Theodora, alikuwa binti wa mtunza dubu wa uwanja wa mbio, mwigizaji wa jukwaani, kazi iliyohesabiwa sawa na ukahaba. Ilibidi sheria ibadilishwe ndipo waoane.

Mtu anayetusimulia mengi ya hayo ni Procopius, katibu wa jemadari Belisarius. Aliandika historia ndefu ya vita ikiwa na heshima zote. Akaandika kitabu cha kuyasifu majengo ya kaisari. Na kwa siri akaandika kingine ambacho ndani yake Justinian ni shetani hasa, na wapo watumishi walioona usiku kichwa chake kikitoweka huku kiwiliwili kikizungukazunguka ikulu. Kikulacho ki nguoni mwako. Kitabu hicho kilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1623, na tangu hapo kila anayeisoma habari ya Justinian ana sifa mkono huu na matusi mkono huu, vyote kutoka kalamu moja. Hutaweza kuviamini vyote viwili, kwa hiyo utaanza kuchuja mapema. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kumweka mwanafunzi mpya hapa: Augustus anakulaza usingizi, ila Procopius hakuachii ulale.

Tena watu wa kawaida wanasikika. Chukua wiki moja tu, ya Januari mwaka 532. Mashabiki wa mbio za magari ya farasi mjini Constantinople waligawanyika katika Bluu na Kijani, na mgawanyiko wao ulikuwa mkali kupita wa Simba na Yanga kwa sababu uwanjani ndipo mahali pekee ambapo raia angeweza kumpigia kaisari kelele usoni akiwa ameketi kwenye roshani yake. Watu kadhaa wa pande zote mbili walihukumiwa kunyongwa baada ya fujo. Mti wa kunyongea ukavunjika, wawili wakaanguka wakiwa hai, mmoja Bluu na mmoja Kijani, wakakimbilia kanisani. Umati ukaomba wasamehewe. Justinian akanyamaza. Siku ya mbio, kuelekea mwisho, pande mbili zilizokuwa zikichukiana miaka nenda miaka rudi zikaanza kupiga ukelele mmoja: Nika, yaani shinda.

Mji ukawaka moto siku kadhaa, kanisa kuu likateketea. Watu wakataka mawaziri wafukuzwe, hasa John wa Kapadokia aliyewakamua kodi. Wakafukuzwa. Haikutosha. Jumapili kaisari akaja uwanjani ameshika Injili, akaapa kusamehe, wakamzomea, kisha wakamtawaza mtu mwingine, Hypatius, ambaye mwenyewe hakuwa na hamu. Ndani ya ikulu walikuwa wanajadili kupanda meli na kukimbia. Procopius anasema Theodora ndiye aliyekataa, akisema vazi la kifalme ni sanda nzuri. Narses, ofisa wa ikulu, akaingia kwa Bluu na mifuko ya dhahabu, wengi wao wakatoka. Belisarius na jemadari mwenzake Mundus wakaingia na askari. Waliouawa uwanjani humo, kwa hesabu ya Procopius, ni zaidi ya 30,000. Asubuhi yake Hypatius akauawa na kutupwa baharini.

Hakuna kilichofichwa hapo. Dola inaonekana mifupa yake yote: kodi, mashabiki, kanisa, rushwa, mke mwenye uamuzi, na askari. Wiki chache baada ya moto, ujenzi wa Hagia Sophia mpya ulianza, ukakamilika mwezi Desemba 537. Kuba lake lilianguka mwaka 558, likainuliwa tena. Hadi leo limesimama Istanbul, jina la sasa la Constantinople; likawa msikiti baada ya 1453, jumba la makumbusho karne ya 20, na msikiti tena tangu 2020.

Imani

Hapa ndipo zama hizi mbili zinapopishana zaidi, na ndipo ningependa msomaji wa dini yoyote atulie.

Wakati wa Augustus, hakuna aliyekuuliza unaamini nini. Ulichotakiwa ni kufanya: kuchinja mnyama anayefaa, siku inayofaa, kwa maneno yasiyokosewa. Kuhani hakuwa mtu wa kando na dunia. Alikuwa mwanasiasa yuleyule wa jana Senetini. Augustus alisubiri hadi Lepidus alipokufa ndipo akachukua ukuhani mkuu, mwaka 12 KK, na akautumia kama cheo kingine chochote. Mashariki watu walimjengea mahekalu akiwa hai, na hawakuona ajabu. Miungu ya wageni iliongezwa tu kwenye idadi, ingawa mara nyingine serikali iliibana, kama alivyozuia ibada ya Isis ndani ya mipaka mitakatifu ya mji wa Roma. Kwa msomaji wetu, awe Mkristo au Mwislamu, dini hii ni ngumu kuihisi. Unaielewa kichwani tu.

Ya Justinian utaihisi mara moja. Constantine alikuwa ameshauinua Ukristo baada ya mwaka 312, Theodosius akaufanya dini ya dola mwaka 380, na mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Chalcedon mwaka 451 ulikuwa umeamua kwamba Kristo ana asili mbili, ya Mungu na ya mtu, katika nafsi moja. Misri na sehemu kubwa ya Syria zilikataa. Justinian alishika upande wa Chalcedon. Theodora aliwatetea waliokataa, akawapa makao maaskofu na wamonaki wao katika jumba lililopakana na ikulu. Mume na mke, kitanda kimoja, kanisa mbili. Procopius alishuku kwamba walipanga hivyo ili kila upande uwe na mtu wa kumkimbilia, na sioni kwa nini isiwe kweli.

Lakini usije ukafikiri ni zama za upole. Wapagani walifungiwa milango. Shule ya falsafa ya Athens ilifikia mwisho baada ya amri ya mwaka 529. Wasamaria waliasi mwaka huohuo wakasagwa. Papa Vigilius aliletwa Constantinople na kubanwa miaka hadi akakubali uamuzi wa mtaguso wa mwaka 553. Na baada ya yote hayo, umoja haukupatikana. Makanisa ya Wakopti, Wasyria na Waethiopia yalikwenda njia yao, na yako njia yao mpaka leo. Ukitaka kujua kwa nini Mkopti wa Cairo na Mkatoliki wa Tabora hawashiriki meza moja ya Bwana, anzia hapa, si kwa Augustus.

Maisha ya mtu wa kawaida

Misri, kwa ukavu wake, ilihifadhi karatasi za mafunjo, na kutoka huko tuna mtu mmoja kwa kila zama.

Wa kwanza ni Hilarion, kibarua aliyekuwa Alexandria mwezi Juni mwaka 1 KK. Anamwandikia mkewe Alis. Anamtuliza asiwe na wasiwasi, atatuma pesa akilipwa, amtunze mtoto. Kisha anasema, kwa mstari mmoja tu: ukijifungua, akiwa wa kiume mwache, akiwa wa kike mtupe. Na palepale anaendelea: umeniambia nisikusahau, nitakusahauje? Hakuna kitabu cha washairi wa Augustus kitakachokuonyesha zama zile kwa ukaribu huo. Kutupa mtoto kulikuwa jambo la kawaida kiasi cha kuandikwa kati ya mshahara na mapenzi, na aliyeokotwa aliweza kulelewa kama mtumwa. Sheria ya Justinian ya mwaka 529 ilitamka kwamba mtoto aliyeokotwa ni huru. Kutamka na kutekeleza ni vitu viwili, lakini ilitamkwa.

Wa pili ni Dioscorus wa kijiji cha Aphrodito, ambaye makaratasi yake yalifukuliwa mwaka 1905. Alikuwa mkuu wa kijiji, mwanasheria, na mshairi wa Kigiriki ambaye nyumbani alisema Kikopti. Kijiji chake kilikuwa na haki ya kulipa kodi moja kwa moja serikalini bila kupitia kwa ofisa wa wilaya, na ofisa wa wilaya hakulipenda hilo. Mwaka 551 Dioscorus alifunga safari hadi Constantinople kushtaki. Alirudi na barua ya kaisari. Ofisa hakuacha. Dioscorus akaendelea kuandika maombi, mengine kwa mashairi ya kuwasifu wakubwa, na mashairi hayo ni mabovu kwa kweli, lakini ukiyasoma unamwona mtu anayejua kwamba barua kutoka juu haimtishi mtu wa wilayani.

Kwa maisha ya mjini, Augustus ana utajiri zaidi: mji wenye watu wapata milioni moja kwa makadirio ya wengi, maghorofa ya kupanga yanayoungua na kuporomoka, raia wapatao 200,000 wakichukua ngano ya bure, kikosi cha zimamoto alichokianzisha mwaka 6 BK. Constantinople ya Justinian nayo ina tauni. Iliingia kupitia Pelusium, Misri, mwaka 541, na mwaka uliofuata ikafika mji mkuu. Procopius, aliyekuwepo, anasema paa za minara ng'ambo ya maji zilibomolewa ili maiti zijazwe ndani. Kaisari mwenyewe aliugua akapona. Uchunguzi wa mifupa ya karne ile umethibitisha ni bakteria ileile ya tauni tunayoijua.

Afrika iko wapi?

Wengi hawaulizi, nami naona ndiyo kipimo kizuri. Augustus alipigana na Kush, ufalme wa Sudan ya leo, ulioongozwa na malkia mwenye cheo cha kandake. Wanajeshi wa malkia huyo walivamia kusini mwa Misri na kubeba sanamu za kaisari. Kichwa cha shaba cha mojawapo kilifukuliwa Meroe mwaka 1910, kimezikwa chini ya ngazi za hekalu ili kila anayepanda amkanyage Augustus. Macho yake ya kioo na mawe yako mazima. Kiko British Museum. Mkataba ulipofungwa, Kush walisamehewa kodi. Na biashara ya Bahari ya Hindi iliyokua baada ya Misri kutekwa ndiyo iliyomfikisha mfanyabiashara mmoja wa Kigiriki, katika karne ya kwanza BK, kuandika mwongozo wa bandari unaoitaja pwani yetu kwa jina la Azania, na soko la mwisho, Rhapta, la pembe za ndovu na magamba ya kasa. Anasema manahodha wa Kiarabu walioa huko na kuijua lugha ya wenyeji.

Justinian naye alituma wajumbe kwa mfalme Kaleb wa Aksum akimwomba Waethiopia wanunue hariri India ili Roma isiitegemee Uajemi. Haikufanikiwa. Theodora aliwahi kumtangulia mumewe Nubia: wote wawili walituma wamisionari, na yeye akamwandikia ofisa wa kusini mwa Misri awacheleweshe wa kaisari. Wa kwake wakafika kwanza. Kwa pwani yetu Augustus yuko karibu zaidi. Kwa Nubia na Ethiopia, Justinian.

Ukishachagua

Vita sijavigusa sana kwa makusudi. Augustus alipoteza lejioni tatu, vikosi vikubwa vya jeshi, Ujerumani mwaka 9 BK, Justinian aliirudisha Carthage mwaka 533 na kuiharibu Italia akijaribu kuirudisha, havisaidii kuchagua. Sheria inasaidia kidogo. Anayesomea sheria Kinshasa, Kigali au Bujumbura, ambako sheria ya madai ilipitia Ubelgiji na Ufaransa, anasoma wajukuu wa kazi ya Tribonian, mwanasheria wa Justinian, na wenzake, waliochambua karibu vitabu 2,000 vya wanasheria wa kale na mwaka 533 wakatoa mkusanyo wa vitabu 50. Sheria za ndoa za Augustus zinakumbukwa zaidi kwa kumnasa binti yake mwenyewe, Julia, aliyefukuziwa kisiwani mwaka 2 KK.

Ukimchukua Augustus, usianze na yale mawe ya Ankara. Anza na mwaka 43 KK, orodha ya kifo, kisha mawe, uone nini kimekatwa. Ukimchukua Justinian, anza na wiki ile ya Januari, kisha tauni, kisha ugomvi wa Chalcedon, ambao utakulazimisha kurudi nyuma hadi Constantine mwaka mmoja kwa wakati. Vita vya Italia viweke mwisho kabisa: ni takriban miaka 20 ya kuteka na kutekwa tena kwa miji ileile, na Procopius mwenyewe anaanza kuchoka katikati.